Hewa Katika Sauti ya Rispa

Wiki tatu kabla ya Rispa kwenda kusikilizwa Lodwar, sauti ya filimbi yake bado ilikuwa na hewa. Nilikuwa naisikia kutoka uani nikisuka vikapu. Noti inaanza, halafu inatoka nusu sauti nusu upepo, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mwenyewe alikuwa anaisikia. Alikuwa akimaliza anakaa na filimbi mapajani, kisha anaanza noti ileile.

Filimbi ni ya parokia, ile ndefu ya chuma inayoshikwa kwa upande. Mwalimu Didace, Mrundi wa kambi ya wakimbizi, ndiye anayewafundisha watoto Jumamosi katika ukumbi wa kanisa hapa Kakuma. Ilikuja habari kwamba kwaya ya vijana ya Lodwar inatafuta mpiga filimbi mmoja. Atakayechukuliwa atakaa na masista, asome shule ya huko, na muziki afundishwe kila siku. Rispa ni mwanangu wa pekee, ana miaka kumi na minne. Tangu baba yake Ewoi afariki, sijamwona akitaka kitu namna hiyo.

Jumamosi hiyo nilimpelekea maji ukumbini. Nikamkuta amesimama mbele ya ukuta, anapuliza kipande cha karatasi kwa midomo ili kibaki kimeshikamana na ukuta kisianguke. Kilikaa muda mrefu.

"Pumzi iko, Mama Rispa," Mwalimu aliniambia. "Iko mingi. Sasa angalia." Akampa filimbi. "Shusha kidogo. Iketi hapa, kwa mdomo wa chini. Legeza taya."

"Hapo hapana, Mwalimu."

"Sababu gani?"

"Mfupa wa hapo uliumia. Nilianguka kwa mawe nikiwa mdogo, meno mawili yakatoka. Mama alisema nisipaguse."

Mwalimu akaniangalia. Amekaa Turkana miaka tisa, ameona vinywa vingi. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Alinisindikiza mpaka mlangoni. "Mama, mimi siingilii ya nyumba ya watu," alisema. "Lakini huyu mtoto anaogopa mdomo wake mwenyewe. Filimbi anaibeba juu juu, taya anaibana, hewa inapita pembeni ya tundu. Pengo si shida, nimefundisha watoto wenye mapengo. Shida ni woga. Kama mfupa uliumia, apelekwe hospitali apigwe picha. Kama haukuumia..." Akaniaga akarudi ndani.

Mfupa haukuumia. Rispa hakuwahi kuanguka.

Alikuwa na miaka saba, tuko Nakalale kwa mama mkwe wangu, Akaale, na homa ilimshika mpaka akawa hatutambui. Akaale akasema taya ya mtoto inaanza kukaza, na ikikaza kabisa hatutapata pa kupitishia maziwa, kwa hivyo yale meno mawili ya chini yatolewe kama yalivyotolewa ya kwake na ya wazee wake. Ewoi alikuwa mbali na mifugo. Nilikubali. Alitumia chuma chembamba, na mimi ndiye niliyekishika kichwa.

Mwaka uliofuata Ewoi alifariki, nikahamia Kakuma. Siku moja baada ya sala ya jumuiya, wanawake walikuwa wanazungumzia watu wa kijijini wanaong'oa watoto meno, wanasema hao bado wako gizani. Mke wa katekista akamtazama Rispa mdomoni, akauliza huyu alifanywa nini. Nikasema alianguka kwa mawe. Neno lilitoka tu. Wakanipa pole, na ile pole niliipokea. Rispa alikuwa amekaa hapo hapo, anasikiliza, naye ya siku za homa hakumbuki kitu. Basi ikabidi uongo niulishe. Nikamwambia mfupa haukushika vizuri, asilalie upande ule, asiume kitu kigumu. Kila mwaka wakati wa kwaresima nilikwenda kuungama, na kila mwaka nilitaja mengine.

Baada ya maneno ya Mwalimu nilisali rozari siku nne mfululizo, nikimwomba Mungu anionyeshe njia nyingine. Hakuionyesha. Nikajitafutia mwenyewe. Tunda la mkoma, ule mti ambao majani yake nasukia vikapu, lina kokwa ngumu kama jino, na mkono wangu umezoea kisu. Nikachonga kipande kidogo, nikakilainisha kwa jiwe, nikamwambia Rispa kikae kwenye pengo, kitakinga mfupa, afuate anavyosema Mwalimu. Alikijaribu nyumbani akasema kinamkwaruza ulimi. Nikasema utazoea.

Jumamosi iliyofuata kilimtoka kwa pumzi katikati ya wimbo, kikagonga ngoma. Ukumbi mzima ulicheka. Rafiki yake Nyaluak, msichana wa Sudan Kusini mwenye mdomo usiopumzika, alikiokota akakiinua juu.

"Rispa, umetema lingine? Utabaki na ngapi za kula githeri?"

Nilikuwa pale mlangoni. Rispa mwenyewe alicheka. Kisha Nyaluak akamrudishia, akasema bila ubaya wowote, "Lakini wewe pia, ulianguka aje? Kwetu nyanya zangu wote hawana hizo mbili. Mtu akianguka kwa mawe anaumia hata pua. Wewe mawe yako yalichagua."

Rispa aliacha kucheka.

Hakuniuliza siku hiyo. Aliniuliza Jumatatu jioni, tulipokwenda kukata makuti ya mkoma kando ya mto Tarach. Alikuwa anafunga mzigo, mgongo wake kwangu.

"Mama, nilianguka wapi?"

"Nakalale."

"Mawe gani? Nakalale nimeenda juzi na wewe. Kwa nyanya ni mchanga mtupu."

Nikaweka kisu chini. Nilikuwa na jibu, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa na akiba ya majibu. Nikaona filimbi yake, ambayo hakuiacha nyumbani, imefungwa kwa leso na kuning'inizwa kwenye tawi isiingie mchanga.

"Hukuanguka," nilisema. "Nyanya yako aliyatoa. Ulikuwa mgonjwa, aliogopa taya itafunga."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekushika kichwa."

Aligeuka. "Ilifunga?"

"Siku mbili. Alikunywesha maziwa kwa lile pengo, kwa kijiko. Hakulala."

"Kwa hivyo nyanya aliniokoa."

"Sijui, mwanangu. Pengine ungepona tu. Pengine aliokoa. Hilo nimeliuliza sana na sijajibiwa."

Akatia kidole mdomoni, akabonyeza pale chini ya pengo, polepole, kisha kwa nguvu. Mkono wangu ulinyanyuka kumzuia, kwa mazoea tu, nikaurudisha.

"Hapaumi," alisema. "Miaka sita nalala upande mmoja. Mahindi ya kuchoma nakwangua kwa kisu kama mzee. Watu wananiita shosho."

"Najua."

"La nyanya naweza kulielewa. La mawe ndilo silielewi. Kwa nini mawe?"

Nikamweleza habari ya wanawake na ile pole. Nilipokuwa nayasema niliyasikia yalivyo madogo. Rispa alinisikiliza mpaka mwisho, akajitwika mzigo, akachukua filimbi yake, akatangulia.

Siku mbili hakupiga. Chakula alikula, maji alichota, nikimsemesha alijibu "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama". Siku kumi zilikuwa zimebaki. Niliogopa nimeuchelewesha ukweli mpaka umekuja kuharibu kile nilichotaka utengeneze.

Siku ya tatu alitoka shuleni akapitia kwa Mwalimu ukumbini. Nilikuwa nimepeleka vikapu kwenye duka jirani na ukumbi, nikasimama nje ya dirisha. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama mlio wa panya. Mwalimu akamwambia mdomo umezama kidogo kwenye pengo, azungushe filimbi nje, kidogo tu. Mara ya pili ikawa hewa tupu. Kisha ikatoka noti ya chini, nzito, imejaa, haina upepo ndani yake, akaivuta mpaka pumzi ikaisha. Akaipiga tena.

Zamani akipiga noti ndefu nyumbani aliniita nimhesabie. Tangu siku hiyo alijihesabia mwenyewe, kwa kugonga mguu.

Tulikwenda Lodwar watatu. Rispa alikaa na Mwalimu mbele kwenye basi, mimi nyuma na godoro na sanduku, maana tuliambiwa atakayechukuliwa atabaki. Walisikilizwa wanne, kila mtu peke yake, na wazazi wakaketi kwenye benchi nje ya chumba. Joto lilikuwa kali hata kivulini. Nilimtambua Rispa kwa noti ya kwanza. Katikati ya wimbo noti moja ya juu ilimvunjikia. Akanyamaza, nikashika rozari, akarudia kutoka mwanzo wa mstari bila kuambiwa, na safari hii ikapita.

Sista alitoka baada ya wanne kumaliza. Alisema Rispa atachukuliwa kwa majaribio ya muhula mmoja, kwa sababu sauti yake ya chini ni nzuri, ya juu bado. Akanipa fomu nijaze. Moja ya nafasi iliuliza kama mtoto amewahi kuumia au kufanyiwa chochote mwilini. Fomu hiyo, Sista alisema, itarudi nami Kakuma ikapigwe muhuri na katekista.

Nilikaa na kalamu. Mke wa katekista ndiye anayemwandikia mumewe barua zake zote na kumtunzia faili. Kufika Jumapili jumuiya nzima ingekuwa imesoma. Rispa alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Sikuinua uso kumuuliza.

Shule nilifika darasa la saba, mwandiko wangu ni wa polepole. Niliandika kwamba meno mawili ya mbele ya chini yalitolewa Nakalale mtoto akiwa na homa, na kwamba mama yake alimshika kichwa. Nikaweka sahihi.

Rispa alichukua fomu akaisoma yote, kisha akampa Sista aitazame. Akaenda kuingiza godoro lake ndani. Aliporudi kuniaga alininyooshea mkono, kama anavyoaga wageni wa kanisa. Nikaushika.

"Likizo nitakuja," alisema.

"Sawa, mwanangu."

Mwalimu alikuwa ananingoja getini na fomu kwenye bahasha aliyopewa na Sista, ya kumpelekea katekista.