Maziwa Aliyoyaficha Mwalimu Bonaventure

Mwezi wa saba wa mwaka 1999, Mwalimu Bonaventure alitoka nyumbani kwake Songo, kando ya ziwa Tanganyika, asubuhi kwa baiskeli, akielekea Katogota kwa mama yake, Pudentienne. Hawakuwa wameonana tangu vita irudi. Nyuma ya baiskeli alifunga sukari, dawa za malaria na ramani moja iliyokunjwa ndani ya kipande cha hema. Shule ya kule ilikuwa imefungwa, na wazazi walimwomba afundishe watoto siku mbili tatu kanisani.

Ramani aliichora mwenyewe miaka kumi nyuma, alipopanda milima ya Ruwenzori pamoja na watafiti waliopima maziwa ya juu: Lac Noir, Lac Vert, Lac Gris, yaani jeusi, la kijani na la kijivu. Kazi yake ilikuwa kushusha majini kamba yenye kipande kizito cha risasi na kusoma alama za kina, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Yeye, aliyekulia jirani na Tanganyika, alidhani anajua ziwa ni kitu gani. Kule alikuta maji madogo yametulia kati ya miamba iliyokwanguliwa, bila mtumbwi, bila sauti ya mtu anayemwita mwenzake. Alikaa kando akalia, asijue analilia nini. Hilo hakumwambia mtu ila mke wake, Pélagie.

Kabla ya kufika Sange, askari walimsimamisha. Mmoja akaifungua ile ramani, akaigeuza huku na huku.

"Hii iko karte ya nini?"

"Ya maziwa, afande. Niko mwalimu wa jiografia."

"Ziwa liko kule." Askari alionyesha kusini kwa kidevu. "Na hii mishale? Batu benu banapita hapa?"

"Hapana. Ni barafu ilipita."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Walimfungia katika stoo ya zamani ya pamba.

Jioni akaja komanda wao, mwanamume mwembamba mwenye kikohozi kisichomwachia. Alitandaza ramani sakafuni na kusema, "Nieleze. Ukinidanganya nitajua."

Bonaventure akapiga magoti. Akalowesha vumbi kwa maji ya kunywa, akasukuma ngumi yake ndani ya lile tope polepole. "Theluji inarundikana miaka na miaka, afande, inakuwa barafu nzito. Uzito unaiteremsha. Inakwangua mwamba, inasukuma mawe mbele yake. Joto likirudi, inayeyuka." Akaondoa ngumi. "Shimo linabaki. Mawe yanabaki kama ukuta. Maji yanajaa."

Komanda alichuchumaa, akakitazama kile kishimo. "Inachukua muda gani?"

"Maelfu ya miaka."

"Na hakuna muntu aliona."

"Hakuna."

Komanda aliinuka. Kisha akaagiza mfungwa apewe ugali.

Usiku ule Bonaventure alilala vizuri kuliko alivyotegemea. Ilikuwa miezi mingi hajapata mwanafunzi wa kusikiliza namna ile. Kesho yake komanda aliporudi, Bonaventure alimweleza kila kitu kwa furaha: majani makubwa kuliko mtu, ukungu, maji safi kama kioo, vibanda ambamo wapandaji walilala.

"Vibanda vingapi?" komanda akauliza.

"Tulilala katika vitatu."

"Batu makumi tano banaweza kuenea? Na kutoka kwa hii ya mwisho, kuvuka mpaka ni siku ngapi?"

Hapo Bonaventure alitazama ramani, akaona kwamba kidole cha komanda hakikuwa tena juu ya maziwa. Kilikuwa juu ya njia.

Katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kumpa mwanafunzi jibu la uongo. Asilolijua alisema halijui. Sasa alisikia sauti yake ikisema, "Ilikuwa zamani, afande. Nilisikia vibanda vilianguka. Njia ilimezwa na matope. Hata sisi tulipoteza mwenzetu mmoja."

"Na maji?"

"Hayanywiki. Tumbo linavimba."

"Sasa hivi ulisema iko safi kama kioo."

"Kwa macho, afande."

Komanda alimkazia macho muda mrefu. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Kikohozi kikamshika, akainama mpaka kikapita, akaikunja ramani na kuiweka ndani ya koti lake.

Siku ya tatu asubuhi walimrudishia baiskeli na dawa. Sukari ilikwisha kunywewa. Komanda alimsindikiza mpaka barabarani.

"Weye uko mwalimu muzuri," alisema. "Lakini uongo huuwezi."

Ramani hakuirudisha.

Bonaventure alifika Katogota akiwa hoi. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamuuliza kama wamempiga. Akasema hapana. Hakujua namna ya kueleza kwamba kilichomuuma ni maneno yake mwenyewe, yale ya furaha, aliyoyasema kabla ya yale ya uongo.

Wiki mbili baadaye kikosi kile kilihama. Wengine walisema kimekwenda kaskazini, wengine walisema ni kusini, Fizi. Kwa miaka Bonaventure aliwauliza wasafiri waliotoka Beni, karibu na Ruwenzori, kama huko mlimani kuna askari wamepanda. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyekuwa amefika.

Shule ya Kasenga, jirani na Songo, alikofundisha, ilipofunguliwa tena, alichora maziwa upya ubaoni kwa kichwa tu. Alichora miamba, barafu na kuta za mawe, akisimulia walivyopanda na watafiti. Njia hakuichora.

Déborah, msichana wa darasa la mwisho, akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa nyinyi mulipita wapi?"

Darasa zima likamtazama. Bonaventure alishika chaki bila kuitumia.

"Vita ikiisha kabisa," alisema, "uniulize tena hilo swali. Nitakuchorea."

Déborah aliandika kitu katika daftari lake, na somo likaendelea.