Paka wa Mwenye Nyumba

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Nipigie leo tafadhali, ni haraka." Simu ya mume wangu ilikuwa mezani kando ya cherehani yangu, mwenyewe yuko bafuni anaoga, ana siku mbili tu tangu arudi safari. Jina lililotokea ni Mwenye Nyumba. Huyo mwenye nyumba namjua kwa picha. Nilitarajia bibi kizee mwenye miwani, kumbe ni mwanamke wa rika langu, na kiuno bado kipo. Miezi miwili mume wangu alikuwa nchi ya watu akitengeneza majokofu ya kiwanda, amepanga chumba kwake, anakula kwake. Damu ikanichemka. Nikamjibu, "Tafuta wako, huyu ana mwenyewe," nikafuta ujumbe, nikafuta na namba, nikaifungia isiingie tena. Kisha nikarudi kwenye cherehani, na siku hiyo nilishona vizuri kweli.

Wiki moja baadaye nikaona alama. Alikuwa kifua wazi anatafuta shati, na karibu na kiwiko kuna mikwaruzo mitatu na vidonda viwili vilivyokauka.

"Nani kakukwaruza?"

"Paka."

"Paka wa nani?"

Akaendelea kutafuta shati, na huko kutonitazama ndiko kunakonimaliza mimi. "Wa pale nilipopanga. Aliniuma siku mbili kabla sijarudi. Sikusema kwa sababu nilijua utauliza paka wa nani."

"Na huyo paka anapaka rangi kucha?"

Nikaamua kumkomesha. Kama ni paka kweli, nikamwambia, twende ukachomwe sindano. Mume wangu anaogopa sindano kuliko anavyoniogopa mimi, na nilijua tukifika mlangoni atatapika ukweli wote. Hakutapika kitu. Alivaa shati akatangulia.

Nesi wa chumba cha chanjo hakuwa na mchezo. Aliuliza kaumwa lini, na je, alikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima?

"Nilifuta kwa kitambaa," mume wangu akasema.

"Kabla ya safari hamkupewa karatasi ya maelekezo?"

Walipewa kazini kwao, nikakiri mimi, ila niliikata ikawa kipimo cha kola. Nesi akanitazama juu mpaka chini. Akasema kichaa cha mbwa hata paka hukibeba, na dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna daktari atakayemwokoa. "Huyo paka yuko hai? Nani anajua?"

Mume wangu akaitafuta namba kwenye simu yake, hakuiona. Basi akaitaja kwa kichwa, tarakimu zote, bila kukwama. Ya kwangu, miaka kumi na moja ya ndoa, hajaishika mpaka leo. Wivu ulinipanda pale pale mbele ya nesi. Nesi akapiga kwa simu ya zahanati na kuweka spika.

"Yule paka alikufa," sauti ya mwanamke ikasema. "Alianza kudondosha mate, akawa anauma hata miguu ya viti. Siku ya nne akafa. Nilimwandikia siku ile ile, nikajibiwa nitafute wangu. Nikapiga, haiingii. Mwambieni awahi, jamani. Mimi hata usingizi sipati."

Mume wangu akanigeukia.

"Ulimjibu wewe?"

"Mimi."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

Nilitamani afoke. Kufoka nakujua, kufokewa pia nakuweza. Yeye akakunja mkono wa shati na kumwelekea nesi. "Nimechelewa?"

"Umechelewa, lakini huna dalili, kwa hiyo tunaanza sasa hivi. Siwezi kukuahidi. Ninachokuambia ni usikose hata tarehe moja."

Akaichoma dawa pembeni mwa vidonda vyenyewe, polepole, kidonda kimoja baada ya kingine, halafu chanjo begani. Mume wangu, mtu anayekimbia hata mwiba, hakutikisika. Nilimshika bega la pili. Hakuutoa mkono wangu, wala hakuniangalia. Niliogopa kumpoteza, na bado nilikuwa naiwaza ile sauti, ilivyokuwa laini.

Nesi akajaza kadi: leo, siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. "Sasa nipe namba ya mtu wa karibu wa kukukumbusha. Awe mtu ambaye nikimtumia ujumbe, utakufikia."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutaja yangu.

"Andika hiyo uliyopiga sasa hivi," mume wangu akasema.

Nesi akanitazama. Akaandika.