Dirisha la Kitinda

Kitinda alifika nyumbani kwao na futi, kipimajoto na uamuzi uliokwisha kupitishwa: nyumba ivunjwe. Aliyeupitisha ni kaka yake mkubwa, kwa simu, na ndugu zake wote watatu wakaitikia. Tingatinga lingekuja Jumatatu. Mama angehamia kwa kaka mpaka nyumba mpya iishe, na Kitinda, mchoraji wa ramani, alitakiwa apime kiwanja na kuleta mchoro. Mama mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Mtakavyoona, wanangu," na kila mmoja akachukulia kwamba amekubali. Watoto wakishasoma sana hawasikii tena vizuri.

Sababu ilikuwa joto. Nyumba ilikuwa imegeuka tanuri. Mara ya mwisho walipokutana pale, wajukuu walihamia barazani na magodoro yao, na kaka alikaa siku mbili nzima amekumbatia feni. "Nyumba imezeeka," alisema, na ikawa hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko ofisini mnakula karatasi?"

Kitinda alicheka, akaweka kipimajoto juu ya meza ya sebuleni. Thelathini na tano, na jua lilikwisha kuanza kushuka. Akatoa futi, akajifunga kibwebwe, akaanza kazi.

Alipima ukuta wa kwanza, hakuamini kipimo, akaupima tena. Ulikuwa mnene kuliko ukuta wowote aliowahi kuuchora. Baba yake alikuwa fundi mwashi, aliyejenga nyumba za watu kwa haraka na ya kwake kwa miaka. Mvua iliyonyesha juu ya paa lake haikupotea hata tone: ilishuka kwa mfereji hadi kwenye tangi chini ya sakafu ya jiko, na ikapandishwa kwa pampu ya mkono iliyolia kama bata. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye mchicha. Bomba la mji lilipofika mtaani, baba alilitazama kama mgeni asiyealikwa, akaendelea kupampu.

Lakini jambo ambalo majirani walimcheka kwalo ni madirisha. Kila mtoto alipozaliwa, baba alichukua tindo na nyundo akatoboa ukuta. La kaka lilikuwa upande wa mawio, la dada mkubwa karibu na mlango, la pacha wake likatazamana nalo ili upepo ukiingia kwa mmoja utokee kwa mwenzake. La mama lilikuwa la jikoni. Alipozaliwa Kitinda, kitindamimba ambaye hakuna aliyemtarajia, kuta zilikuwa zimejaa. Baba akapanda juu, akamkatia kidirisha kwenye mgongo wa paa, chenye kifuniko cha mbao, kapi na kamba ndefu iliyoning'inia hadi sebuleni.

Na sheria ilikuwa moja: mwenye dirisha ndiye alifunguaye. Asubuhi, jua kabla halijawa kali, kila mtu alifunga la kwake. Hiyo waliita kuilaza nyumba. Jioni waliiamsha. Baba alisimama katikati ya sebule akiita majina kama mwalimu wa zamu, na Kitinda, wa mwisho, alinyanyuliwa juu aifikie kamba. Akivuta, joto lote la siku lilitokea juu, na mapazia yakanyanyuka pamoja. Ofisini kwake sasa anawachorea matajiri nyumba zenye mashine za kuhisi joto na kujifungulia matundu zenyewe. Anaziita nyumba zinazojitegemea, na hajawahi kumwambia mteja hata mmoja kwamba yeye aliwahi kuwa mashine hiyo.

Alikumbuka hayo, akatabasamu, na ndipo akainua macho.

Kamba ilikuwa palepale, imefungwa kwenye msumari kwa fundo la vitanzi vitatu. Fundo lile ni la kwake. Alilifunga asubuhi aliyoondoka kwenda chuoni, miaka kumi na moja iliyopita, mwaka mmoja baada ya kumzika baba. Vumbi lilikuwa limelala juu yake bila kuguswa.

"Mama," aliita, "hiki kidirisha cha juu kilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

Mama alitokea jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. "Si wewe mwenyewe ndiye uliyekifunga?"

"Na haya mengine?"

"Yana wenyewe. Mimi nafungua la kwangu la jikoni."

Kitinda alikaa kitini. Kikulacho ki nguoni mwako. Nyumba haikuwa imezeeka hata kidogo. Ilikuwa imelazwa na haikuamshwa. Yeye, msomi wa mambo hayo hayo, alikuwa amekuja na futi kuipimia kaburi. Aliona aibu hadi masikio yakamchoma.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Mkija mnakaa siku mbili, mnawasha feni, mnaondoka. Nikasema, ipo siku mmoja wao atainua macho."

"Ungemwita hata jirani akufungulie."

"Dirisha la mwanangu likafunguliwe na jirani?" Mama alimtazama kama aliyetukanwa. "Baba yenu angenitokea ndotoni."

Fundo lilikataa vidole, likafunguliwa kwa meno. Kitinda alipanda juu ya stuli, akavuta. Kapi liligoma. Akavuta kwa uzito wake wote, likapiga kelele, na kifuniko kikafunguka kikimmwagia kichwani vumbi na kiota kizima cha ndege. Mama alicheka mpaka akashika mlango. Kitinda hakukumbuka lini alimsikia akicheka hivyo, na machozi yakamtoka, akasingizia vumbi.

Mama akaenda kulisukuma dirisha la jikoni lifunguke lote. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha pazia moja likajitikisa, likatulia, likanyanyuka. Walikaa chini yake, mama na mwana, wakinywa chai. Jua lilipozama, kipimajoto kilisoma thelathini, na hayo ni madirisha mawili tu kati ya matano.

Simu ikalia. Kaka.

"Umemaliza kupima? Mwenye tingatinga anataka uhakika wa Jumatatu."

"Mwambie asije," Kitinda alisema. "Uje wewe."

"Kufanya nini?"

"Dirisha lako limefungwa. Nilitaka kulifungua, mama amenikatalia. Anasema lina mwenyewe."

Alimsubiri acheke, au afoke. Kaka ni mtu wa kipya kinyemi, na mchoro wa nyumba mpya alikwisha kuwaonyesha hata marafiki. Kitinda alisikia mlango ukifungwa upande wa pili na sauti za ofisini zikipotea.

"Lile la mawio?" kaka aliuliza taratibu. "Lenye bawaba mbovu?"

"Hilo hilo."

"Lile halisukumwi. Linanyanyuliwa kwanza, ndipo lisukumwe. Baba alinifundisha." Alikohoa. "Usiliguse, Kitinda. Utalivunja. Nakuja kulifungua mwenyewe."