Ukuta Mpya wa Nasipwondi

Kiwanda kilipotaka kuligeuza jumba la kushonea kuwa ghala, hakikusema kinafukuza mtu. Kilisema tu kwamba mafundi sita hodari watapewa cherehani wakashonee kwao, na waliosalia wajitafutie. Nasipwondi alikuwa miongoni mwa wale sita. Tangu mumewe afariki, ni cherehani hiyo iliyomlisha yeye na binti zake wawili na kuwaweka shuleni. Ikiondoka, hakuna kingine.

Jumamosi moja ya Julai, mwaka wa sabini na nane, msimamizi wao Bwana Nyamai aliwakalisha kwenye mabenchi akawafundisha kazi ya nyumbani. Wanawake wazima, wamekaa nyumbani maisha yao yote, leo wanafundishwa na mwanamume namna ya kukaa huko! Hata hivyo walisikiliza. Meza iwe karibu na mlango, penye mwanga. Jiko litoke nje. Saa za kazi ziwe zilezile. Nguo iliyokwisha isikunjwe wala isiguse sakafu; itundikwe.

"Ukiwa kazini, hauko nyumbani," alisema.

"Sasa nitakuwa wapi, na nyumba ni hiyo moja?" Nasipwondi aliuliza, na benchi zima likaangua kicheko.

Nyamai naye alicheka, kisha akatoa neno lililowakausha midomo. Alhamisi atapita nyumba kwa nyumba. Nyumba ikifaa, cherehani itabaki. Isipofaa, itarudi kiwandani, na huko viti vimekwisha kutolewa.

Jumatatu mkokoteni ulimletea cherehani hadi mtaani kwake Gatwekera, pamoja na vitambaa vilivyokatwa tayari vya makoti meupe arobaini ya wauguzi. Chumba chake kilikuwa futi kumi kwa kumi, na kitanda kimekwisha kula nusu. Alikisimamisha kitanda ukutani kila asubuhi, akatoa jiko nje, akaunga masanduku mawili yakawa meza. Saa hakuwa nayo. Garimoshi la asubuhi lilipopiga honi pale relini, aliketi; la jioni lilipopiga, aliinuka. Jirani akichungulia kuomba chumvi, alimjibu bila kuinua macho, "Niko kazini." Kufikia Jumatano adhuhuri, makoti yote arobaini yalikuwa tayari, na mshono umenyooka.

Angekomea hapo, nisingekuwa na hadithi. Lakini aliutazama ukuta wake, akaona nyufa, na hapo nyuma ya nyumba udongo umebanduka hadi fito zinaonekana. Akaona aibu. Kwao Bungoma, mgeni wa heshima hapokewi kwenye ukuta wenye nyufa. Mama yake alikandika nyumba upya kila mgeni alipotarajiwa, hata akiwa jamaa tu.

Akayafunika makoti, akateremka kijitoni, akachimba udongo mwekundu. Aliukanda kwa miguu pamoja na majivu, akakandika kuta zote nne, ndani na nje, mpaka zikang'aa.

"Na hii baridi, itakauka kweli?" Mildred, jirani yake, alimuuliza.

"Kwetu inakauka siku moja tu."

"Kwenu kuna jua, nyar gi, binti wa watu. Hapa liko wapi?"

Nasipwondi alicheka. Alikuwa na furaha siku hiyo, furaha ya mtu aliyefanya zaidi ya alivyoagizwa.

Alhamisi kulipambazuka na mawingu. Aligusa ukuta kwa ncha ya kidole, akauona umeshika. Akapigilia misumari, akatundika makoti moja moja kuzunguka chumba, kama alivyofundishwa.

Nyamai alifika saa nne. Aliisifu meza, akausifu mlango, akasema nyumba nne alizotoka hazikufikia hii. Kisha akaangua koti la kwanza, akaligeuza.

Mgongo wote ulikuwa mwekundu.

Akaangua la pili, na la tatu.

"Nitayafua, Bwana Nyamai. Leo leo nitayafua."

"Nguo mpya haifuliwi, mama. Ikishafuliwa si mpya." Akakaa kwenye kiti cha kazi. "Lakini ni nani alikuambia ukandike?"

"Mgeni alikuwa anakuja."

"Mgeni gani?"

"Wewe."

"Hata mama yangu hukandika," Nyamai alisema. "Lakini mimi sikuja kutembea. Nilikuja kukagua."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na mwenyeji hakupona. Vijana wa mkokoteni waliokuja naye waliinyanyua cherehani, wakayafunga makoti safi kando na machafu kando. Nasipwondi aliwashikia mlango. Alitaka kulia, lakini hakuweza kulia mbele ya mgeni, kwani mpaka dakika ile bado alimwona Nyamai kuwa mgeni.

Mchana jua likatoka. Mabinti waliporudi kutoka shule, ukuta ulikuwa umekauka wote, bila ufa hata mmoja. Mdogo aliupapasa kwa kiganja, akasema nyumba yao imekuwa nzuri kuliko zote Gatwekera. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya masanduku matupu, mikono juu yake. Honi ya jioni ikalia relini, naye hakuinuka.