Vichujio Kumi na Kimoja

...na bado amesimama nyuma ya kiti, anatafuna karanga karibu na sikio la fundi sauti kana kwamba studio ni kibaraza, shemeji huyu, kaka wa marehemu mkewe, mjuzi wa kila kitu tangu anunue kompyuta, "Shemeji, mashine inaelemewa, tazama, asilimia tisini na saba," fundi anaiona, ana macho, sauti ya mke wake inakatika kwenye ubeti wa pili, inakwaruza, inakwama, na dawa yake anaijua, huwafundisha wanafunzi kila muhula: ukishamaliza kuitengeneza sauti, ifunge pamoja na vichujio vyake, vile vijiprogramu vya kuisafisha, iwe faili moja, kisha uvizime, mashine ipate nafuu... ukishamaliza, hapo ndipo, nani kasema amemaliza, "Miezi saba sasa! Mama anataka kumsikia mwanawe, wewe umeukalia wimbo kama kuku," na atoke, atoke na karanga zake, hospitali alifika mara moja, akapiga picha, akaaga... kuifunga ni kukiri kwamba kesho hatamsogeza tena mbele kidogo ya gitaa, hatampunguzia ukali kwenye neno la mwisho, na hayo ndiyo mazungumzo pekee waliyobakiwa nayo, kidole kipo juu ya kipanya, hakishuki, "Basi punguza vichujio! Kumi na kimoja kwenye sauti moja, vya nini vyote hivyo? Dada aliimba jikoni bila hata kimoja, na majirani walizima redio," vya nini, mpumbavu wee, vya... cha kwanza kinafuta pumzi, cha pili kinafuta pumzi iliyokiponyoka cha kwanza, cha tatu kinaziba pale alipomeza kikohozi, cha nne kinanyoosha neno lililotetereka, cha tano pumzi tena, alivipanga mwenyewe, kimoja kimoja, kwa ustadi, akijisifu, na siku ile mke wake alikuwa nyuma ya kioo, ameshika stendi ya maikrofoni kwa mikono miwili, naye fundi akabonyeza kitufe akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Rudia, unapumua vibaya," akarudia, rudia, akarudia, mara kumi na nne, "Bwana wee, leo nimechoka kweli," akacheka kidogo, yeye akajibu, tunamalizia tu hii, na wiki tatu baadaye daktari akainua picha ya mapafu kwenye mwanga... kumbe si wimbo unaoielemea mashine, ni yeye mwenyewe, anafuta na kufuta, "Shemeji, nasema na wewe au na ukuta?" na kidole kiko palepale, hakijabonyeza chochote, ila yeye hathubutu sasa kugeuka kumtazama mtu aliyemchukia miezi saba hii, anaogopa swali ambalo kaka mtu ana haki ya kuliuliza, wewe mtaalamu wa masikio, ulikaa naye chumba kimoja, hukusikia?