Filta Iliyokatwa kwa Msumeno

Kwetu kazini dereva alilala na gari la kampuni nyumbani kwake, na Jumapili, siku yake ya mapumziko, alimwaga oili na kufunga filta kwa mikono yake mwenyewe, bure. Bosi aliuita utaratibu huo malezi. "Gari ni mtoto," alipenda kusema, kitambi kikimtangulia, "na mtoto mzuri halelewi na jirani." Jumamosi unachukua filta na galoni ya oili stoo. Jumatatu unarudisha filta kuukuu na kutia sahihi kwenye fomu kwamba umefunga ile ya stoo. Injini ikifa, fomu ndiyo shahidi, na shahidi huyo hajawahi kumtetea dereva hata siku moja.

Tulikuwa madereva saba. Sita tulikuwa waongo. Nalisema mapema, nisije nikajipaka mafuta mbele ya safari.

Mwaka ule bosi alibadilisha filta. Zikaja za buluu, nyepesi, ukiigonga kwa kucha inalia kama kopo tupu. Ndani ya wiki mbili tulishaelewa. Kila mmoja akajinunulia filta ya maana dukani, akaifunga, kisha ile ya buluu akaichovya kwenye oili chafu, akaipangusa kwa tambara na kuirudisha stoo kana kwamba ilikuwa imefanya kazi mwezi mzima. Hakukuwa na kikao. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, mwenzake akamnong'oneza wa tatu. Injini zetu zikatulia, bosi akachekelea, nasi tukajiona wajanja kuliko mji mzima.

Wa saba hatukumwambia. Tulimwita Kipimo, kwa sababu hakuwahi kuwasha gari asubuhi kabla ya kuchomoa kijiti cha oili, kukipangusa, kukirudisha na kukichomoa tena. Uongo ulimshinda hata wa kumsifia mkewe chakula kilichozidi chumvi. "Huyo ukimwambia," tulisema, "umemwambia bosi." Basi Kipimo akaendelea kufunga filta za buluu na kutia sahihi ya kweli.

Alikuwa kibarua kwa miaka sita. Barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa imeshachapwa, ikingoja sahihi ya bosi tu. Mtunza stoo aliiona kwa macho yake, na mtunza stoo alikuwa kaka wa mke wa Kipimo. Ndiye aliyemwingiza kazini.

Jumapili moja nilikwenda kwa Kipimo kuazima jeki. Nilimkuta uani amekaa kwenye ndoo, anakata filta ya buluu kwa msumeno wa chuma. Pembeni, kwenye sinia, alikuwa ameshapasua nyingine, ya zamani, ya zile nzuri.

"Sinia langu!" mkewe alifoka kutoka mlangoni. "Kesho nitawapakulia watoto grisi?"

"Nitaliosha, mama watoto. Njoo uone." Akavuta karatasi ya ndani ikafunguka kama feni. "Hii nzuri ina mikunjo hamsini na nane. Ya buluu thelathini na moja, na gundi imeachia. Sasa tazama raba hii. Kazi yake ni kuizuia oili isishuke gari likilala. Hii imekauka kama ganda la yai. Oili yote inateremka chini usiku. Asubuhi ukiwasha, injini inaamka na kiu, vyuma vinasagana vikavu. Linagonga gari, taa nyekundu haizimiki mpaka uhesabu saba."

Shemeji yake, yule mtunza stoo, alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichokonoa meno. "Shemeji, zika huo uchafu."

"Nauzikaje, nami ndiye niliyetia sahihi? Injini ikifa watasema nani?"

"Watasema wewe. Lakini ikifa baada ya barua, utakuwa na barua. Mkono ulioleta hizo filta ndio utakaotia sahihi barua yako. Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe."

Kipimo akanigeukia mimi. "Na lako, ndugu yangu, haligongi?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Neno moja tu la kweli lingetosha.

"Kidogo," nikasema. Nikachukua jeki nikaondoka.

Jumatatu, bosi alipotoka kukagua magari uwanjani, Kipimo aliliweka lile sinia kwenye boneti mbele yake. Akaeleza taratibu, bila matusi, kama mtu anayemwonyesha daktari jipu. Bosi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaagiza jalada la fomu.

"Magari saba, filta aina moja," akasema akifunua. "Sita hayana tatizo. Linagonga la kwako tu. Sasa kibovu ni filta, au ni mlezi?" Akatugeukia. "Nyinyi mnafunga zipi?"

"Za stoo, mzee," akasema wa kwanza.

"Za stoo, mzee."

Ikapita hivyo kama sahani ya karanga mpaka kwangu. "Za stoo, mzee."

Kipimo alitutazama mmoja mmoja. Nilimwona akielewa. Jasho lilimtoka puani, akavua koti la kazi, akalitandika chini, akajisukuma kwa mgongo chini ya gari langu. Alichagua langu kwa sababu kati yetu wote alikuwa akiniita mimi tu ndugu.

"Mzee," ikatoka sauti chini ya gari, "filta hii ni nyeusi. Si ya buluu. Njoo uone."

Bosi aliinama, magoti yakamlia. Alipoinuka alikuwa ananitazama mimi, na sahihi yangu ilikuwa mkononi mwake. Nilikuwa na watoto watatu. Kipimo alikuwa na wanne.

"Alinifungia yeye," nikasema. "Jana. Nilikwenda kwake kuazima jeki."

"Ahaa!" Bosi akafurahi kabisa. "Nzuri umpe mwenzako, mbovu ubaki nayo, halafu uniletee sinia! Mtunza stoo, jana ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mzee."

"Ulimwona?"

Mtunza stoo alikuwa akiikunja pembe ya daftari lake. "Nilimwona na vifaa, mzee. Na filta."

"Shemeji," akasema Kipimo. Hilo tu. Kisha akamgeukia bosi: "Mimi nakaza filta kwa mkono. Hiyo imebanwa kwa spana ya mnyororo, alama za meno hizo hapo. Inama tena uone."

"Sikuja kazini kusoma mikwaruzo."

Akaagiza barua iletwe. Tulidhani ataichana. Alimkabidhi Kipimo. "Isome." Kipimo akaisoma kimoyomoyo mpaka chini, penye nafasi ya sahihi. "Sasa chana." Akachana. "Ndogo ndogo, usinichafulie uwanja." Akachana tena na tena, vipande akavitia mfukoni mwake, kwa kuwa pipa lilikuwa mbali. Mmoja wetu alicheka. Namjua, naye anajua kwamba namjua.

Gari lake lililala uwanjani siku ile. Kesho yake asubuhi aliitwa kulikabidhi. Mlinzi alimzuia nje ya geti, akasimama pale na boksi lake la spana, vidole vimeshika nondo.

"Andikeni kwamba linagonga," akapaza sauti. "Lisije likafa mkasema ni mimi."

"Liwashe," bosi akaniambia.

Nikaingia, nikawasha. Likagonga. Liligonga kama nyundo ndani ya debe, usukani ukatetemeka, taa nyekundu ikanikodolea macho. Wote walikuwepo: madereva, mtunza stoo na kalamu yake, karani dirishani. Moja, mbili, tatu. Hakuna aliyesogea. Nne, tano, sita. Likatulia.

"Mnasikia?" bosi akasema. "Zima kabisa."

"Zima, mzee," tukaitika.

Mtunza stoo akaandika: gari zima. Akapeleka daftari getini, akalipitisha kwenye nondo, na Kipimo akatia sahihi.