Kahawa Isiyojua Kiu

Nasema mapema nisije nikasingiziwa: mimi Aikande sijawahi kuinyima kahawa yangu maji. Na hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Nimekuja kuambiwa nina miaka sitini na moja, na aliyeniambia ni mtoto niliyemnyonyesha mwenyewe.

Mibuni arobaini iko nyuma ya nyumba yetu huku Machame, chini ya migomba. Niliipanda na mama mkwe mwaka ule nilioolewa, yeye akichimba mashimo, mimi nikishindilia udongo. Kabla ya siku ile alikuwa hanipendi hata kidogo. Tulipofika shimo la arobaini alikuwa ananiita mwanangu. Basi hii miaka minne ya karibuni mibuni ile ikawa kituko. Ua moja leo, mawili mwezi ujao, mengine yanakauka tawini. Tukawa tunavuna kikapu badala ya magunia.

Mume wangu Elisaria akachoka. Januari akaleta miche ya parachichi, akaipanga barazani mbele ya macho yangu.

"Kahawa isipochanua vizuri kabla ya Pasaka, naing'oa yote," akasema.

"Utaanza kuning'oa mimi."

Akacheka. Lakini Elisaria akishasema jambo, amesema. Usiku ule sikupata usingizi.

Elisifa, kitinda mimba wetu, anasomea mimea Morogoro, na wiki ile alikuwa nyumbani likizo. Akanikuta shambani nimeelekeza mfongo kwenye mibuni. Mfongo ni mfereji wetu wa maji kutoka mtoni juu, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu yangu sikosi ng'o. Na hii miaka minne, tangu mzee Filemon aanze kugawa zamu, napata na ya ziada, maana watu wakija kuzibua mfongo, mbege, pombe yetu ya ndizi, inatoka kwangu, na yeye hasahau wema uliopita kooni.

"Mama, unaimwagilia kahawa Januari yote?"

"Na Februari pia. Ulitaka ife?"

Mtoto akashika kichwa. Akaniketisha juu ya jiwe, anifundishe kahawa mimi! Eti mti ukipata kiu unatengeneza homoni, kitu kidogo sana kinachopita ndani yake kikitoa taarifa. Jani lina vinywa ambavyo jicho halivioni; taarifa ikifika, vinafunga ili maji yasipotee. Na vichipukizi vya maua vinaambiwa laleni kwanza, hali ni mbaya.

"Vikilala ndiyo nipate nini?"

"Subiri, mama. Mvua kubwa ikinyesha, mti unaivunjavunja ile homoni mpaka inapungua kabisa. Vinywa vinafunguka. Zipo homoni nyingine nazo zinasukuma, na vichipukizi vinaamka vyote kwa pamoja. Siku nane, siku kumi, shamba zima jeupe. Sasa wewe miaka hii minne hujaiacha ilale. Itaamkaje?"

"Yaani nimekosea kwa kuihurumia?"

"Umeihurumia kupita kiasi."

Nilikasirika jamani! Nilikaa siku mbili siongei naye vizuri. Lakini wasemavyo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii mkuu alikuwa yule mdogo. Nikaacha zamu.

Huku kwetu mtu akiacha zamu ya mfongo, watu wanadhani amehama au amerukwa na akili. Filemon akaja mbio.

"Mama Elisifa, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mmegombana na mzee?"

"Bado."

Maji yangu akapewa jirani yangu Winfrida. Jumapili akanishukuru mbele ya kanisa zima, sauti juu, utadhani nimempa mbuzi. Nilitabasamu huku meno yanauma.

Februari majani yakalegea. Elisaria akipita, mikono nyuma, ananiuliza, "Mtaalamu wako kaua?" Machi ikaingia, mvua hakuna, Pasaka inakaribia. Nilikwenda kusimama katikati ya ile mibuni nikalia, sioni haya kusema. Nikampigia simu Elisifa huko chuoni.

"Vichipukizi vimefika ukubwa wa punje ya mchele?" akauliza.

"Vimefika."

"Basi vumilia. Sasa ni mvua tu."

Mvua haikuja. Ila asubuhi moja nilifungua mlango wa nyuma nikapigwa na harufu tamu hata nikashika fremu. Mibuni sita karibu na zizi ilikuwa myeupe pepepe, kuanzia chini mpaka juu. Ile thelathini na minne mingine, kimya. Nikapiga simu tena.

"Mama, hiyo kuna mtu kaimwagilia," Elisifa akasema. "Siku tisa hivi zilizopita, tena maji mengi."

Elisaria alikuwa mezani anakunywa chai. Akaweka kikombe polepole.

"Baba Elisifa."

"Mm."

"Wiki iliyopita ulikuwa unatoka alfajiri. Ukasema ng'ombe anasumbua."

"Alikuwa anasumbua."

"Ndoo ngapi?"

Akatazama ukuta. "Nne kila mti. Nilitaka niimalize yote, mgongo ukagoma."

"Si wewe unayetaka kuing'oa?"

"Mama yangu alikufa akiamini kahawa ile haitawatupa wajukuu wake," akasema. "Miaka minne nimeona aibu kupita pale. Nikasema bora isiwepo, nisiione. Halafu ikaanza kunyauka kweli. Nilishindwa, Aikande."

Tangu Elisifa azaliwe, Elisaria hajawahi kuniita kwa jina langu. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na nilimpenda mzee yule kuliko siku aliyonioa.

"Kumbe umeiamsha mwenyewe bila kujua, na mgongo mbovu," nikamwambia.

"Na iliyobaki?"

"Iliyobaki bado imelala."

Akanyanyuka bila kumaliza chai, akavaa mabuti. Nilimsikia njiani akimwita Filemon kwa sauti kubwa, majirani wote wakasikia: "Nipe mfongo leo, kutwa nzima! Zamu ya Winfrida nitamwomba mwenyewe. Kahawa ya mke wangu hakuna anayeing'oa!"

Nikachukua jembe nikamfuata, maana kuelekeza maji hajui, na hajawahi kujua.